Samsung 840 EVO ya mtumba: usidanganyike na kasi ya dukani, uliza famwea

Kwenye makabati ya kioo ya maduka ya kompyuta, iwe Oginga Odinga Street mjini Kisumu au Kenyatta Avenue kule Nakuru, SSD (diski ya kuhifadhia data isiyo na sehemu zinazozunguka) ya mtumba ambayo haikosi kuonekana ni Samsung 840 EVO. Nyingi zimechomolewa kwenye laptopu zilizoingia kutoka ng'ambo, zikafutwa, zikawekwa Windows upya, na muuzaji yuko tayari kukuwashia mashine uone inasoma megabaiti 500 kwa sekunde. Hasemi uongo. Ila diski hii, hata iliyo na kasoro yake yote ya asili, itasoma megabaiti 500 siku hiyo ya kununua. Kasoro haijitokezi kwenye data mpya. Inajitokeza kwenye faili zilizokaa miezi bila kuandikwa upya, na diski iliyofutwa jana haina faili ya namna hiyo.

Kwa hiyo hukumu ije mapema. Yenye famwea EXT0DB6Q, ukubwa wa GB 250 kwenda juu, na bei isiyofika nusu ya SSD mpya ya kampuni inayojulikana: chukua, itakutumikia vizuri. Yenye famwea ya nyuma: inunuliwe tu na mtu atakayeibadilisha mwenyewe kabla ya kuweka kazi ndani. Ya GB 120: iache hapo hapo kabatini, sababu zinafuata.

Famwea ni ile programu ndogo inayoishi ndani ya diski yenyewe na kuongoza kontrola yake, yaani chipu inayosimamia kazi ya diski. Kufuta diski hakuigusi, na kuweka Windows au Linux upya hakuigusi vilevile. Ndiyo maana diski inaweza kupita mikononi mwa wamiliki watatu na bado ina famwea ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Diski hii ilitangazwa mwaka 2013, na kwa wakati wake ilikuwa nzuri kweli. Ilikuja kwa GB 120, 250, 500, 750 na TB 1, umbo la inchi 2.5, unene wa milimita 7, waya wa SATA wa gigabiti 6. Kontrola yake ina viini 3, na ina kumbukumbu yake ya DRAM ya kutunzia ramani ya data: MB 256 kwa ya GB 120, MB 512 kwa za 250 na 500, GB 1 kwa mbili za juu. Hilo la DRAM lina maana hata leo, kwa sababu SSD mpya nyingi za bei ya chini kabisa hazina, na kwenye mashine yenye kazi nyingi ndogondogo utaona tofauti. Kilichoiharibia jina ni kumbukumbu ya flashi, yaani chipu zinazoshika data, iliyochaguliwa: TLC ya nanomita 19.

Kila seli ya TLC hubeba biti 3, yaani kontrola inapaswa kutofautisha viwango 8 vya chaji ndani ya seli moja. Kwa udogo wa nanomita 19, elektroni zinazotenganisha kiwango kimoja na kingine ni chache sana, na zikivuja kidogo tu kiwango kinasogea kuelekea kwa jirani yake. Kuvuja huko si kioja. Flashi zote huvuja. Kazi ya famwea ni kukadiria viwango vimesogea wapi na kusoma mahali hapo papya. Famwea za mwanzo za 840 EVO zilikadiria vibaya. Zikifika kwenye data ya zamani, jibu la kwanza linatoka na makosa mengi kuliko yanayoweza kusahihishwa, basi kontrola inasogeza kipimo na kusoma tena, inasogeza, inasoma tena, mpaka ipate jibu safi. Data inatoka salama. Kinachopotea ni muda. Faili iliyokuwa ikisomwa kwa megabaiti 500 inashuka chini ya 100, na watumiaji wengi waliona hata 50 na chini ya hapo, kasi ya diski kuu ya kuzunguka iliyochoka. Mwenye mashine anaona tu Windows inawaka polepole, programu aliyoweka mwaka jana inajivuta, huku faili aliyoihifadhi asubuhi inafunguka mara moja.

Malalamiko yalipamba moto mwaka 2014. Oktoba mwaka huo Samsung ilitoa dawa ya kwanza: programu ya kurejesha kasi iliyobadilisha famwea kuwa EXT0CB6Q kisha ikaandika upya data yote iliyokuwa ndani. Kasi ilirudi, watu wakashukuru, na mwanzoni mwa 2015 diski zile zile zikaanza kujivuta tena. Haikushangaza sana. Kuandika upya mara moja kunajaza seli chaji, lakini hakuzizuii kuvuja tena. Aprili 2015 ikatoka EXT0DB6Q, na hii ndiyo ya kutafuta. Haitegemei makadirio peke yake: diski ikiwa na umeme na haina kazi, inatembelea data ya zamani yenyewe na kuiandika upya kidogo kidogo. Hilo linakula uhai wa seli, ndiyo, lakini kuandika diski nzima upya ni mzunguko mmoja tu kati ya takriban 1000 ambazo flashi ya aina hii huhesabiwa kuvumilia. Gharama ni ndogo mno kuisumbulia akili.

Soma tena masharti ya dawa hiyo: umeme uwepo, na diski isiwe kazini. Ukiitoa ukaitupa kwenye droo nusu mwaka, hakuna kinachoandikwa upya. Ukiirudisha itakuwa nzito, na itapona polepole baada ya kukaa na umeme. Joto nalo linaharakisha kuvuja. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya kumbukumbu, kwa SSD za watu wa kawaida kinadai data ishike mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30 za selsiasi, diski ikiwa imeshamaliza uhai wake wa kuandikwa. Mchana wa Kisumu unafika nyuzi hizo bila shida, na chini ya paa la mabati unazipita. Kwa Nakuru, juu zaidi na penye ubaridi, hali ni nafuu, lakini kanuni haibadiliki: hii si diski ya kuhifadhia picha za harusi za wateja kabatini. Kwa kazi hiyo diski ya kuzunguka bado ni bora, tena ni rahisi kwa kila terabaiti.

Dukani: unachoomba kuonyeshwa

Usiombe kipimo cha kasi. CrystalDiskMark na ndugu zake huandika faili mpya, huisoma hapo hapo, kisha hutoa namba nzuri. Kwa ugonjwa huu hakuna linalopimwa. Mwambie muuzaji afungue CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski, na usome sehemu ya famwea, herufi kwa herufi. Alama ya tano ndiyo inayozungumza. EXT0BB6Q ni ya kabla ya dawa. EXT0CB6Q ni dawa iliyochakaa. EXT0DB6Q ndiyo yenyewe. Kama una flashi ya USB yenye Linux mfukoni, `sudo smartctl -i /dev/sda` inatoa jibu hilo hilo, mradi uhakikishe herufi ya diski kwa `lsblk` kwanza.

Angalia pia jina la modeli. Za EVO zinaanza na MZ-7TE kwenye kibandiko. 840 PRO ni diski nyingine, ina flashi ya biti 2 kwa seli na haina ugonjwa huu. Ukiipata kwa bei ile ile usibishane sana. 840 isiyo na neno EVO ni TLC ya nanomita 21, nayo imewahi kulalamikiwa kwa uzito wa data ya zamani, na famwea ya EVO haiingii humo. EVO ya mSATA, ile kadi ndogo, nayo ina mfululizo wake wa famwea.

Kisha `sudo smartctl -A /dev/sda`, au ukurasa ule ule wa CrystalDiskInfo, upate orodha ya rekodi za afya ya diski, kila moja na namba yake. Namba 9 ni saa ilizowaka. Mashine ya saiba inayowaka saa 12 kwa siku hufikisha saa 4,380 kwa mwaka, kwa hiyo saa 25,000 ni karibu miaka sita ya kazi ya namna hiyo na si jambo la kuogopesha peke yake. Namba 241 ni sekta zilizoandikwa: zidisha kwa 512 upate baiti. Ikisoma 40,000,000,000, hiyo ni kama TB 20.5. Namba 177 ndiyo mizunguko ya wastani ya seli. Thamani ghafi ikiwa chini ya 300 kuna maisha ya kutosha, ikiwa inakaribia 700 bei ishuke sana au uondoke. Namba 5 na 179 zinahesabu sehemu zilizokufa na kubadilishwa. Sifuri ndiyo tunayotaka. Moja au mbili zisizoongezeka zinavumilika. Makumi, rudisha. Namba 187, makosa yasiyosahihishika, ikiwa juu ya sifuri usisikilize maelezo yoyote.

Kuna moja ambayo kwetu ina utamu wake: namba 235. Inahesabu mara ambazo umeme ulikatika ghafla diski ikiwa kazini. 840 EVO haina kapasita za kuimalizia kazi stima ikipotea, kwa hiyo kilichokuwa njiani kuandikwa kinaweza kupotea. Namba kubwa hapo inakuambia diski ilitoka kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu yenye betri iliyokufa, hata kama muuzaji anaapa ilitoka ofisi ya serikali Ujerumani.

Namba 199 ni makosa ya mawasiliano kwenye waya. Ikipanda, lawama si ya flashi. Ni kebo ya SATA au kiunganishi kilicholegea, na kebo mpya ndiyo tiba.

Kama diski haikufutwa, au unayo tayari nyumbani, kuna kipimo kinachosema kweli: isome yote mwanzo hadi mwisho. Kwenye Linux, `sudo dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M status=progress`. Hii inasoma tu, haiandiki, mradi usigeuze if na of. Ukizigeuza umeifuta diski. GB 250 kwa megabaiti 500 ni kama dakika 8 na sekunde 20. Kwa megabaiti 50 ni saa 1 na dakika 23. Kwenye Windows, mchoro wa kusoma wa HD Tune unaonyesha jambo hilo kwa macho: mstari unaoanguka mabondeni mahali penye faili za zamani na kurudi juu penye mpya. Tahadhari moja katika kuusoma mchoro huo: sehemu isiyo na data diski hujibu sifuri bila kugusa flashi kabisa, kwa hiyo diski tupu huchora mstari mnyoofu wa kupendeza. Mstari mnyoofu kwenye diski tupu hauthibitishi kitu.

Kubadilisha famwea bila kuiua

Nakili kwanza kila kitu unachokihitaji. Kubadilisha famwea hakufuti data kwa kawaida, ila umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na kipande cha plastiki na chuma. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanaifanya kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS mchana wa mawingu mazito. Tumia laptopu yenye betri inayoshika chaji kweli, si ile ya mtumba inayozima ukichomoa waya. Ijaribu kabla: chomoa chaja, iache dakika 20 ikiwa kazini. Ikivumilia, chomeka chaja, endelea.

Diski iwe imeunganishwa moja kwa moja kwenye SATA ya mashine. Kupitia adapta ya USB unaweza kusoma namba zake, lakini amri za kubadilisha famwea kwa kawaida hazipiti. BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, iwe kwenye AHCI, namna ya kawaida ya mashine kuwasiliana na diski ya SATA, na RAID izimwe. Lakini kama Windows iliwekwa ikiwa kwenye RAID au IDE, usibadilishe ghafla, haitawaka. Peleka diski kwenye mashine nyingine. BitLocker, usimbaji fiche wa Windows, isimamishwe kwa muda: fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -disable C:`, na uwe na ufunguo wa kurejesha umeandikwa mahali pengine.

Kwenye Windows, kazi inafanywa na Samsung Magician, programu ya Samsung ya kutunza SSD zake, toleo la 4.6 au la baadaye linaloitambua diski yako. Funga programu zote, fungua sehemu ya famwea, kubali, kisha ondoa mkono. Ikimaliza inazima mashine yenyewe. Kuzimika huko ni sehemu ya kazi, si hitilafu: famwea mpya inashika diski ikikatiwa umeme kabisa na kurudishiwa. Kuwasha upya kwa kawaida hakutoshi. Asiye na Windows atumie faili ya ISO ya Samsung, aiandike kwenye flashi ya USB na kuwashia mashine nayo; kwenye laptopu nyingi hilo linahitaji kuruhusu uwashaji wa mtindo wa zamani na kuzima Secure Boot. Ukiwasha tena, soma famwea. Iwe EXT0DB6Q. Kama bado ni ile ya zamani, zima, chomoa chaja na betri kwa dakika moja, washa, soma tena kabla ya kurudia chochote.

Sasa famwea ni mpya lakini data bado ni ya zamani. Watu huishia hapa, wakapima, wakakuta uzito uko pale pale, wakasema dawa haifanyi kazi. Magician ina sehemu ya uboreshaji wa hali ya juu inayolazimisha diski kuandika data upya papo hapo, itumie. Usipoweza, acha mashine na umeme usiku kucha kwenye ukurasa wa BIOS, mahali ambapo diski ina umeme na hakuna anayeituma, ama ndani ya Windows ukiwa umezuia usingizi. Rudia usiku kadhaa kwa diski iliyojaa. Njia ya haraka zaidi kwa fundi ni kupiga picha ya diski nzima kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, kwenda diski ya nje, kisha kuirudisha: kila baiti inaandikwa upya. Kupanga vipande kwa defrag hakufikii hapo, kwa kuwa faili ambayo haijavunjika haiguswi.

Kwa diski unayoianza upya, ifute kwa amri yake yenyewe kabla ya kuweka mfumo:

`sudo hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sdX`
`sudo hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sdX`

Weka herufi sahihi mahali pa X, kwa maana hakuna kurudi nyuma. Kama `hdparm -I` inasema diski imegandishwa, ilaze mashine usingizi, iamshe, na mara nyingi itakuwa imeachiliwa. Usikatishe katikati, la sivyo itabaki imefungwa kwa nenosiri p. Ndiyo sababu ya kuchagua nenosiri usiloweza kulisahau.

Yanayofanana na ugonjwa lakini siyo

Malalamiko mengi kuhusu diski hii hayahusiani na data ya zamani hata kidogo. La kwanza ni la wanaohamisha video. 840 EVO huandika kwanza kwenye eneo dogo la haraka: GB 3 kwa modeli za 120 na 250, GB 6 kwa ya 500, GB 9 kwa ya 750, GB 12 kwa ya TB 1. Likijaa, ya GB 120 inashuka hadi kama megabaiti 140 kwa sekunde. Ya 250 inabaki karibu 270, ya 500 karibu 420. Mpiga video anayemwaga GB 20 za sherehe ya Kakamega kwenye ya 120 ataona kasi nzuri kwa sekunde chache kisha konokono. Diski haijaugua, ndivyo ilivyoundwa, na ndiyo sababu mojawapo ya kuikataa ya GB 120. Sababu nyingine ni kwamba Windows ya sasa na masasisho yake inaijaza upesi, na SSD iliyojaa zaidi ya asilimia 90 haina nafasi ya kupangia data, famwea iwe mpya au kuukuu.

La pili ni mashine yenyewe. ThinkPad T410 na HP EliteBook 8440p, ambazo bado zinauzwa kwa wanafunzi, zina SATA ya gigabiti 3. Hapo 840 EVO itagonga kama megabaiti 270 hivi na kukoma. T420 na 8460p zina ya gigabiti 6. Kabla ya kurudi dukani na hasira, jua mashine yako ni ya kundi gani.

La tatu ni kinyume chake: kasi isiyowezekana. Ukionyeshwa SSD ya SATA inasoma megabaiti 3000 au zaidi, RAPID imewashwa kwenye Magician. Unapima RAM, si diski. Mbali na kukuficha ukweli, RAPID inashikilia maandishi kwenye RAM kabla ya kuyapeleka, na mahali ambapo stima hupotea bila kubisha hodi hiyo ni hatari isiyo na faida. Izime.

La nne ni TRIM, yaani taarifa ambayo mfumo huipa diski kwamba faili fulani imefutwa. Kwenye Windows, `fsutil behavior query DisableDeleteNotify` ijibu 0. Kwenye Linux, `sudo systemctl enable --now fstrim.timer` inatosha, itapita kila wiki. Diski ikikaa ndani ya kasha la USB la bei nafuu, TRIM mara nyingi haifiki kabisa na kuandika kutazidi kuwa kuzito kadiri inavyojaa. Kwa wa Linux kuna historia ndogo: famwea za Samsung za kipindi hicho zilitangaza uwezo wa TRIM ya foleni ambayo haikuwa salama, na kerneli, kiini cha Linux, ikaizima kwa diski hizi. Toleo lolote la sasa la Ubuntu au Mint limeshalishughulikia. Mwenye kuendesha seva ya shule kwa mfumo wa zaidi ya miaka kumi ndiye wa kushtuka.

Binamu zake kabatini

Laptopu za ofisi za Dell, HP na Lenovo za miaka ile mara nyingi zina Samsung PM851, hasa ya GB 128 na 256. Ni EVO iliyovaa sare ya kiwandani, TLC ya aina ile ile, lakini Magician haiihudumii na EXT0DB6Q haiingii. Famwea yake inatoka kwa aliyetengeneza laptopu, kwenye ukurasa wa modeli hiyo. Usijaribu kuisukumia ya EVO kwa nguvu. Ukiuziwa PM851 kama "EVO asili", bei na ishuke.

Crucial m4 nayo bado inaonekana. Ina kisa tofauti kabisa: ikifikisha saa 5184 za kuwaka, ambazo ni siku 216 mfululizo, famwea ya zamani inaifanya igande. Ukiwasha upya inafanya kazi saa moja hivi kisha inaganda tena. Mafundi wengi wameitupa wakidhani imekufa, na data iko salama ndani. Famwea 0309 ya Januari 2012 ilimaliza tatizo hilo, kwa hiyo m4 "mbovu" ya bei ya kutupa inaweza kuwa nzima kabisa kwa mwenye dakika kumi.

Jambo la usiri, kwa wanaoweka rekodi za wagonjwa au za wanafunzi: Novemba 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha udhaifu katika usimbaji fiche wa ndani wa SSD kadhaa, 840 EVO ikiwa mojawapo. Tumia usimbaji wa programu, LUKS ya Linux au BitLocker iliyolazimishwa kutotegemea diski. Na ukiuza yako, ifute kwa amri zilizo hapo juu badala ya kufomati tu.

Nani aichukue, basi? Saiba inayohitaji mashine zinazowaka haraka kwa ajili ya eCitizen, KRA na uchapishaji: ndiyo, ya GB 250, kwa sababu mashine zake zina umeme saa nyingi na diski itapata muda wa kujitunza. Mwanafunzi wa Maseno au Masinde Muliro mwenye laptopu ya gigabiti 6: ndiyo, akishabadilisha famwea. Studio ya picha, duka la dawa lenye hifadhidata kwenye kompyuta ya mezani bila UPS, na yeyote anayetaka diski ya kuweka akiba kabatini: hapana. Na kama kando yake kuna 850 EVO, iliyotoka Desemba 2014 na flashi ya tabaka wima isiyo na ugonjwa wa data ya zamani, ongeza hela kidogo uchukue hiyo. Wauzaji wengi huziweka bei moja kwa kuwa zote zimeandikwa EVO.